Atakula Nini Mtoto Aliyekatazwa Ngano?



Kuna swali ambalo sisi tunaofanya kazi ya lishe katika Kaunti ya Wajir huulizwa na akina mama kila mara: mtoto wangu akikatazwa ngano, atakula nini? Wanauliza kwa hofu, na hofu yao ina msingi. Ngano imeikamata siku nzima ya nyumba zetu. Asubuhi ni anjera na chai ya maziwa, saa nne mandazi, mchana basta, yaani tambi, jioni chapati, na Ramadhani ikiingia ni sambusa. Ukiiondoa ngano katika nyumba ya Wajir leo, mama anaona sufuria zote zimebaki tupu.

Jibu langu ni kwamba mtoto huyo atakula vyakula ambavyo ayeyo yake, yaani bibi yake, alivijua kabla ngano haijazoeleka, na kwamba vyakula hivyo vinapatikana hapa hapa, kwa bei za hapa. Hahitaji unga wa pakiti unaouzwa ghali katika maduka makubwa ya Nairobi. Lakini kabla ya kufika jikoni lazima tupitie hospitali, maana ngano hukatazwa kwa sababu maalumu, na anayeikata bila sababu hujinyima bure.

Kwanza tutenganishe mambo matatu ambayo mitaani yote huitwa aleji. La kwanza ni mzio wenyewe. Kinga ya mwili hukidhania chakula kuwa adui, na katika dakika chache, au saa moja au mbili, mtoto huvimba midomo, hutoka mabaka, hutapika au hukosa pumzi. Mayai, maziwa ya ng'ombe, njugu, samaki, soya na ngano ni miongoni mwa vyakula vinavyosababisha hali hiyo mara nyingi. Mzio wa namna hii unaweza kuua. Mtoto anayekosa pumzi hapewi asali wala habbat sauda. Anakimbizwa hospitali wakati huo huo. La pili ni tumbo kushindwa kusaga laktosi, yaani sukari ya maziwa. Hilo haliui, ila huleta gesi, msokoto na kuhara. La tatu ni ugonjwa wa siliaki, nao ndio utakaochukua sehemu kubwa ya maneno yangu, kwa sababu hauna haraka, na kwa kuwa hauna haraka watu hawauoni.

Mwenye siliaki akila ngano, shayiri au nafaka ya rai, kinga yake huushambulia ukuta wa utumbo wake mwenyewe. Kinachochochea vita hivyo ni gluteni, protini iliyomo katika nafaka hizo tatu. Vijinyweleo vinavyofyonza chakula ndani ya utumbo hulala, na chakula kinapita bila kumfaidi aliyekila. Mtoto anakula na anakonda. Tumbo limefura, choo ni kingi na kinanuka kupita kawaida, damu inapungua, kimo kimesimama. Kwa mtu mzima huenda ikawa uchovu tu, au upungufu wa damu usiosikia vidonge vya madini ya chuma. Hakuna kidonge kinachoutibu ugonjwa huu. Tiba yake ni kuacha gluteni maisha yote.

Aliyeuthibitishia ulimwengu kuwa chanzo ni ngano alikuwa daktari wa watoto Mholanzi, Willem Karel Dicke. Lakini kabla yake kulikuwa na mama. Miaka ya 1930 mama mmoja kijana alimweleza Dicke kwamba hali ya mwanawe hupata nafuu kila anapomwondolea mkate. Dicke hakumdharau. Akaanza kuwapima watoto aliowatibu na kuandika. Kisha majira ya baridi ya 1944 hadi 1945, vita vikiwa vimeikaba Uholanzi, njaa ikaingia na mkate ukaadimika. Watu wengi walikufa, na bado watoto wale wagonjwa wa tumbo walionekana kuwa na nafuu. Mkate uliporudi, ugonjwa ukarudi nao. Mwaka 1950 Dicke aliwasilisha tasnifu yake katika Chuo Kikuu cha Utrecht, na tangu hapo tiba haijabadilika. Nayasimulia haya kwa ajili ya wahudumu wa afya walioketi hapa: mama anayekuambia kwamba mtoto wake huharibikiwa siku akila chapati amekupa habari ya maana kuliko unavyodhani. Iandike.

Kuna kisa kingine kinachotuhusu zaidi ya hicho cha Ulaya. Wasahrawi ni watu wa jangwa la Sahara Magharibi, wafugaji wa ngamia. Chakula chao cha asili kilikuwa maziwa ya ngamia, nyama, tende na nafaka kidogo. Vita vya miaka ya 1970 viliwafukuza kwao, wengi wakaishia katika kambi za wakimbizi karibu na Tindouf, kusini magharibi mwa Algeria, wakawa wanaishi kwa msaada, na mkate wa ngano ukawa ndio chakula cha kila siku. Mwaka 1999 watafiti wakiongozwa na Carlo Catassi wa Italia walichapisha matokeo ya kuwapima watoto karibu elfu moja wa Kisahrawi. Watoto 5.6 katika kila 100 walikuwa na siliaki. Ulaya, ambako ugonjwa huu umezoeleka, kiwango ni kama mtu 1 katika 100. Watu wa maziwa ya ngamia walikuwa wamehamia kwenye ngano ndani ya kizazi kimoja, na miili ambayo haikuwahi kukutana na mkate wa kila siku ikaanza kuonyesha udhaifu uliokuwa umejificha katika damu.

Hesabu ile ni ya Wasahrawi. Siihamishii Wajir. Ninachokihamisha ni njia waliyopita. Sisi pia ni watu wa ngamia. Wazee wetu waliishi kwa maziwa, nyama na samli, na miezi ya ukame walinunua mahindi na mtama. Leo kijana aliyezaliwa mjini hapa hula ngano mara tatu kwa siku, ngano ambayo sehemu kubwa yake Kenya huiagiza kutoka ng'ambo. Dadaab, katika kaunti jirani ya Garissa, tangu kambi zilipofunguliwa mwaka 1991, familia zimelelewa kwa mgao, na unga wa ngano ulikuwa katika mgao huo kwa miaka mingi. Tumefanya mabadiliko yale yale waliyofanya Wasahrawi. Kwa hiyo mtoto wa Wajir anapokuja kliniki amekonda na tumbo limefura, anapewa chakula cha tiba, anapata nafuu, anarudi nyumbani na baada ya miezi miwili yuko kliniki tena, naomba mtu mmoja katika kliniki ile aulize: mtoto huyu anakula nini akiwa nyumbani?

Lakini tusiruke hatua. Katika mji huu, kabla ya kuilaumu ngano, yachunguze maji. Mnajua hali yetu. Maji ya ardhini yako karibu sana, ndiyo maana visima vyetu ni vifupi na ndiyo maana vyoo vya shimo vilishindikana, tukaishi miaka na miaka na vyoo vya ndoo. Uchafu unafika kisimani. Kijidudu cha giadia, kinachoingia kwa maji machafu, huleta dalili karibu zile zile za siliaki: kuhara kwa muda mrefu, gesi, kukonda. Zaidi ya hayo, utumbo uliochubuliwa na kuhara huacha kwa muda kutengeneza kimeng'enya cha kusaga laktosi, hivyo mama anaona maziwa yanamdhuru mtoto, anayakata, na mtoto anapoteza chakula chake bora kwa kosa la kisima. Chemsha maji. Peleka choo kikapimwe. Ugonjwa wa maji hutibiwa kwa siku chache, na baada ya hapo wengi hurudia anjera yao bila shida yoyote.

Ikiwa choo ni safi, minyoo imetibiwa na shida inaendelea, hapo omba rufaa kwa ajili ya kipimo cha damu kinachotafuta kingamwili za siliaki. Watu wengi huharibu kipimo hiki. Kingamwili hizo hupungua mgonjwa anapoacha gluteni. Mama aliyemkataza mtoto ngano miezi mitatu kisha akampeleka Nairobi huenda akaambiwa mtoto hana kitu, na jibu hilo likawa la uongo. Mgonjwa anatakiwa awe amekula ngano kila siku, katika zaidi ya mlo mmoja, kwa angalau wiki sita kabla ya kipimo. Usimwondolee ngano mpaka apimwe. Nalisema hili kwa ukali kidogo kwa sababu nimeona familia zikiuza mbuzi kulipia safari ambayo haikuzaa jibu.

Sasa twende jikoni.

Nafaka zisizo na gluteni ni mtama, mahindi, mchele, wimbi, uwele na tefu ya Ethiopia. Muhogo, viazi, ndizi, maharagwe na kunde pia havina. Nyama haina, maziwa hayana, mayai hayana. Ukiitazama orodha hiyo utaona kwamba soor ya mahindi, yaani ugali, ni salama, wali ni salama, ambulo ya kunde na mtama kwa samli ni salama, nyirinyiri, ile nyama iliyokaushwa na kuhifadhiwa kwa samli, ni salama. Kinachobaki kuwa na taabu ni vitu vya kuumuka, na mama anaanza na anjera.

Gluteni ndani ya unga wa ngano hufanya kazi kama wavu: hamira ikitoa hewa, wavu unaishika, na mkate unainuka. Unga wa mtama hauna wavu huo. Ukichukua mtama mahali pa ngano na kufuata njia ile ile, utapata kitu kigumu kinachovunjika vunjika, na mtoto atakataa. Wanawake wa Ethiopia waliitatua shida hii zamani, nayo ndiyo siri ya anjera yao ya tefu. Changanya vikombe viwili vya unga wa mtama na kimoja cha mahindi kwa maji ya vuguvugu, uwe mzito kiasi, funika na uache ulale. Asubuhi chota kikombe kimoja cha ule mchanganyiko uliochachuka, umimine katika maji yanayochemka na ukoroge mpaka uwe uji mzito unaong'aa. Uache upoe, uurudishe katika mchanganyiko, koroga vizuri, ongeza maji hadi umiminike, usubiri mpaka utoe mapovu. Wanga uliopikwa ndio utakaoishika hewa sasa. Mimina kwenye kikaango kwa kuzungusha, funika, pika upande mmoja. Matundu yatatokea, na anjera itakunjika bila kukatika. Inataka mkono uzoee, kwa hiyo usikate tamaa na mbili tatu za mwanzo. Uchachu wake ni wa anjera ya zamani, na wazee wataupenda kabla ya watoto.

Muufo, mkate wetu wa kuoka, ni rahisi zaidi. Mwagia unga wa mahindi maji yanayochemka, kidogo kidogo, mpaka ushikane, uache ulale, kisha uoke kwenye tinaar, yaani tanuri la udongo, au kama huna tinaar, katika sufuria nzito yenye makaa chini na juu ya kifuniko. Majirani zetu wa pwani nao wametuwekea hazina. Vitumbua, vibibi na mkate wa kumimina vyote ni vya mchele ulioloweshwa na kusagwa pamoja na tui la nazi, hamira, sukari na iliki. Havikubuniwa kwa ajili ya mgonjwa yeyote, ni chakula cha sherehe, na mtoto aliyekatazwa ngano anakaa sinia moja na wenzake. Hapa Wajir, ambako nazi hufika kwa taabu, maziwa ya ngamia hufanya kazi ya tui, ingawa ladha inakuwa nyepesi. Blenda ya kawaida inatosha kuusaga mchele uliolala kwenye maji.

Keki ya Idi hutengenezwa kwa vikombe viwili vya unga wa mchele na nusu kikombe cha wanga wa mahindi. Piga mayai manne na sukari mpaka yawe meupe na mazito, ponda ndizi mbili zilizoiva, zile zinazoletwa kutoka mashamba ya mto Tana kule Garissa ni nzuri, tia samli iliyoyeyuka na hamira ya keki. Kabla ya kuoka uache mchanganyiko utulie nusu saa, maana unga wa mchele hunywa maji polepole, na ukiharakisha utapata keki yenye chenga. Oka katika vikopo vidogo. Keki ndefu isiyo na ngano huanguka katikati. Na msituni kwetu kuna gundi ya mgunga, ile ile ambayo watoto wachungaji huitafuna na wafanyabiashara huikusanya kuiuza ng'ambo kwa viwanda vya vyakula. Kijiko cha chai cha gundi safi, iliyotwangwa na kuyeyushwa katika maji, huizuia keki isikauke siku ya pili.

Sambusa naomba tuiache. Manda isiyo na ngano ni kazi kubwa na matokeo ni hafifu. Weka bajia za kunde mezani badala yake, lakini zikaange kwanza, mafuta yakiwa mapya, kabla ya sambusa za wengine. Utafiti umeonyesha kwamba miligramu 50 za gluteni kwa siku zinatosha kuuumiza utumbo wa mwenye siliaki. Kipande kimoja cha mkate kina gramu 2 hivi, kwa hiyo tunazungumzia sehemu moja ya arobaini ya kipande: chenga zilizobaki kwenye kikaango, mwiko uliokoroga basta, mafuta yaliyokaangia mandazi. Mgonjwa awe na kikaango chake na mwiko wake, na chakula chake kipikwe kwanza. Ukinunua supu ya unga au viungo vya pakiti, soma maandishi madogo. Kiwango cha kimataifa cha Codex kinataka chakula kinachoitwa hakina gluteni kisizidi miligramu 20 kwa kila kilo.

Kuhusu maziwa nina furaha ya kusema jambo linalotufaa sisi hasa. Maziwa ya ngamia hayana betalaktoglobulini, protini ambayo ni mmoja wa wachochezi wakubwa wa mzio wa maziwa ya ng'ombe. Watoto wengi wenye mzio huo huyavumilia maziwa ya ngamia. Nimesema wengi, sikusema wote, kwa hiyo jaribio la kwanza lifanyike mbele ya daktari, na mtoto aliye chini ya miezi sita anyonye maziwa ya mama yake tu. Laktosi imo katika maziwa ya ngamia kama ilivyo katika ya ng'ombe. Mwenye shida ya laktosi anafaa kunywa susa, yaani maziwa ya ngamia yaliyochachushwa, kwa sababu bakteria wanaoyachachusha maziwa hula sehemu ya sukari hiyo. Na maziwa yachemshwe. Najua wengi wanaamini kuchemsha huyaondolea nguvu, lakini homa ya brusela ipo katika mifugo yetu, na imewalaza watu wengi miezi kadhaa wakidhaniwa wana malaria.

Njugu zinahitaji tahadhari ya aina nyingine. Chakula cha tiba cha pakiti kama Plumpy'Nut, kilichobuniwa mwaka 1996 na André Briend na Michel Lescanne, kimeokoa watoto wengi katika ukame wetu, nacho ni siagi ya njugu na maziwa ya unga. Mtoto akivimba au kutoka mabaka baada ya kukilamba, usikitupe kimya kimya. Rudi kliniki useme, kwa sababu yapo maziwa ya tiba yasiyo na njugu. Ila msiwafiche njugu watoto wenye afya kwa hofu. Utafiti uliofanywa London kwa watoto wachanga 640 walio katika hatari ya mzio, ukachapishwa 2015, ulionyesha kwamba waliopewa njugu laini mapema walipata mzio huo kwa uchache mno kuliko walionyimwa. Upungufu ulikuwa wa asilimia 81. Chagueni tu njugu na mahindi makavu yasiyo na ukungu. Mwaka 2004 sumu ya kuvu, aflatoksini, katika mahindi iliua watu 125 nchini, hasa Ukambani.

Kuna hasara moja ambayo mama anayeacha unga wa duka lazima aijue. Tangu 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa pakiti wa ngano na mahindi uongezwe madini ya chuma, zinki, asidi ya foliki na vitamini nyingine. Mtama uliosagwa mtaani hauna nyongeza hizo. Mtoto mwenye siliaki, ambaye damu yake tayari imepungua, anapoteza msaada huo siku anapoacha pakiti. Mpeni maini ya mbuzi mara kwa mara, kunde, nyama, na limau pembeni. Mama mjamzito naye asiache vidonge vyake vya kliniki.

Ombi langu la mwisho ni kwa wenye mashine za kusaga. Mashine zenu husaga unga wa uji wa mchanganyiko, na ndani yake mna ngano, soya na njugu, vitu vitatu ambavyo kila kimoja kinaweza kumlaza mtoto wa mtu. Unga huo hubaki ndani ya mashine na kuingia katika mtama wa mteja anayefuata. Mama akija alfajiri na debe lake la mtama, akakuomba umsagie wa kwanza kabla ya mchanganyiko wowote, mkubalie. Safisha mashine usiku, na asubuhi pitisha kwanza kilo moja au mbili za mahindi. Unga utakaotoka hapo mpeni mbuzi, kisha ndipo umimine mtama wa mtoto.